Mume wangu anataka kiinua mgongo kiende kwenye mashine za bitikoini

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina duka la daftari na fotokopi. Mume wangu amestaafu mwaka huu na kiinua mgongo kimeingia. Tulishakubaliana: sehemu imalizie vyumba vya kupangisha kule Nala, sehemu ikae benki. Sasa amani imetoka nyumbani.

Kuna kijana ametokea na habari za mashine za kuchimba bitikoini, ile sarafu ya mtandaoni. Anasema anazo Antminer S19 Pro kumi, zimetumika "kidogo tu" nje ya nchi, kila moja milioni 2 na laki 4. Kila moja, anasema, inaingiza dola 5 kwa siku, mvua jua, umelala au uko macho. Mume wangu akachukua kalamu: mashine kumi ni dola 50 kwa siku, dola 1,500 kwa mwezi, mtaji unarudi ndani ya miezi saba. Tangu siku hiyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Alianza kwa kutaka moja iwekwe stoo ya nyumbani kwa majaribio. Shemeji yangu, mdogo wake, naye akaongeza lake. Ana kinu cha kukamua alizeti Kibaigwa, kina umeme wa fezi tatu na kinafanya kazi msimu tu; anasema zote kumi ziende huko tugawane faida. Kijana wetu mkubwa anasoma kompyuta UDOM. Yeye anasema tufunge sola, jua la Dodoma halina bili. Nimebaki peke yangu, naonekana mshamba na mpinga maendeleo.

Sijui bitikoini na siombi unifundishe yote. Nataka kujua mambo matatu. Mashine hizi zinafaa? Mtu anazipimaje? Na zikae nyumbani au Kibaigwa? Tayari ametoa laki tano za kushikilia.

Mama Neema, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Msalimie mkwe wangu, na umsomee jibu hili jioni akiwa ameshakula.

Muuzaji hakudanganya kwenye zile dola 5. Nimezipiga mwenyewe na zinakaribia sana. Ndiyo maana mkwe wangu amenasa: kila anapokagua ile namba anaikuta ni ya kweli. Kijana alichofanya ni kuzungumzia kinachoingia tu, akanyamaza kuhusu LUKU.

Tuanze na kinachoingia. Mtandao wa bitikoini hutoa bitikoini mpya 3.125 kila baada ya dakika kama 10. Kiwango hicho kilianza Aprili 2024. Kabla ya hapo zilikuwa 6.25. Kwa siku nzima, dunia nzima, zinatoka kama 450. Mashine zote duniani zinashindana kubahatisha jibu la hesabu, na kwa wastani kila mmoja anapata kwa kadiri ya wingi wa majaribio yake. Majaribio trilioni moja kwa sekunde huitwa terahashi moja. S19 Pro hufanya terahashi 110. Dunia nzima, mwaka 2025, ilifikia kama terahashi bilioni moja. Kwa hiyo mashine moja inastahili fungu la 110 katika bilioni moja la zile bitikoini 450, ambalo ni bitikoini 0.0000495 kwa siku. Bitikoini ikiwa dola 100,000, hizo ni dola 4 na senti 95. Nimechagua dola 100,000 kwa sababu ni rahisi kuhesabu, na kwa sababu ni ukarimu kwa muuzaji: bei hiyo ilivukwa kwa mara ya kwanza Desemba 2024, na bitikoini hupanda na kushuka bila kupiga hodi.

Dola moja tuiweke shilingi 2,500. Mashine moja inaleta shilingi 12,375 kwa siku.

Sasa kinachotoka. S19 Pro inakula wati 3,250 bila kupumzika, yaani yuniti 78 kwa saa 24. Wewe una duka, unajua LUKU ya elfu kumi inakupa yuniti 28 hivi, maana yake shilingi 357 kwa yuniti pamoja na kodi. Zidisha kwa 78. Unapata shilingi 27,800 kwa siku, kila siku ya Mungu, ili uokote 12,375. Mwisho wa mwezi mmelipa umeme wa 835,000 na mmepata bitikoini za 371,000. Hasara ni zaidi ya laki nne na nusu kwa mashine moja, kabla hata bei ya mashine yenyewe haijaguswa.

Na kama nyumbani kwenu mko kwenye lile kundi la wateja wadogo, wanaopata yuniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, mashine itazimaliza kabla siku ya kwanza haijaisha. Baada ya hapo ni shilingi 350 kwa yuniti kabla ya kodi, kisha mtatolewa kwenye kundi hilo. Sijui kama kijana alilitaja hilo. Nadhani hakulitaja.

Iangalie hesabu hiyohiyo kwa upande mwingine, maana najua mkwe wangu atasema bitikoini itapanda. Kwa umeme wa LUKU yenu, kila bitikoini moja itakayotoka kwenye mashine ile itakuwa imewagharimu kama dola 225,000 za umeme. Mtu anayeamini itapanda hana sababu ya kuipata kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya sokoni. Hilo mwulize kwa upole, na umwache alijibu mwenyewe.

Umeuliza mtu anapimaje. Watu wengi huanza na terahashi, kwa sababu ndiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo. Mimi ningeanza na wati, nikazigawanya kwa terahashi. S19 Pro ni wati 3,250 kwa terahashi 110, karibu 30 kwa kila terahashi moja. Wauzaji wenyewe huita jouli kwa terahashi. Hiyo ndiyo namba inayosema kama mashine ni mbichi au imeshazeeka. Antminer S9 ya mwaka 2016, ambayo bado inatembezwa mitandaoni kwa laki chache, ni kama 100. S21 ina terahashi 200 kwa wati 3,500, yaani 17.5. S21 XP ina 270 kwa wati 3,645, yaani 13.5. Kwa bei na nguvu ya mtandao nilizotumia hapo juu, mashine inayokula LUKU ya shilingi 357 inahitaji iwe chini ya 13 hivi ili tu isile mtaji. Kwa hiyo hata ile S21 XP, ambayo bei yake ni mara nyingi ya hizi zenu, ingeishia pale pale kwenye sifuri kwa umeme wa Nkuhungu. Hapo hujalipa mashine, hujalipa intaneti, hujalipa ada ya puli.

Puli nieleze kidogo, maana kuna watu watawaambia mchimbe wenyewe mpate bitikoini zote 3.125 kwa mpigo. Puli ni muungano wa wachimbaji: wanachanganya nguvu, wanagawana kinachopatikana, na mwenye puli anakata asilimia yake. Bila puli, S19 Pro moja ingesubiri kwa wastani kama miaka 170 kupata mara moja. Mkwe wangu ameshastaafu, hana muda huo.

Twende Kibaigwa. Shemeji yako ana hoja kuliko wote, kwa sababu angalau amefikiria umeme. Mashine kumi zitakula yuniti 23,400 kwa mwezi. Mita ikivuka 7,500 kwa mwezi, TANESCO humhesabu mteja kwenye kundi la T2, ambalo bei ya yuniti ni 195 kabla ya kodi badala ya 292 ya wafanyabiashara wadogo. Nafuu kubwa, ndiyo. Ila kundi hilo hulipia pia mzigo wenyewe, shilingi 15,004 kwa kila kVA, kipimo cha mzigo huo, kila mwezi. Mashine kumi ni kVA 33 hivi. Ukijumlisha yuniti, mzigo, VAT ya asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, bili inavuka milioni 6 kwa mwezi. Mapato ya mashine kumi, kwa ile dola 100,000 yetu ya ukarimu, ni milioni 3 na laki 7. Mnagawana nini hapo? Mnagawana hasara ya zaidi ya milioni 2 kila mwezi, ndugu wawili wa tumbo moja. Hasara ya hivyo haivunji mfuko tu.

Ili S19 Pro isile hasara, yuniti ingebidi iwe chini ya shilingi 158, kodi na kila kitu ndani. Hata kundi la T3 la viwanda vikubwa vinavyochukua umeme kwenye msongo wa kati, shilingi 157 kabla ya kodi na kabla ya malipo ya mzigo, halifiki. Wanaofanya kazi hii wakafaulu wamehamia kwenye umeme wa bei ya chini kabisa. Ethiopia, kwa mfano, wachimbaji wengi wamekwenda kwa sababu waliuziwa umeme wa maji kwa senti 3 hivi za dola, ambazo ni kama shilingi 75 kwa yuniti. Mashine ileile inayowala nyinyi inamlisha yule. Na ndiyo maana mashine zilizotumika zinazunguka dunia: zikishindwa mahali penye umeme wa bei kubwa zinauzwa, zinatafuta mahali pa umeme wa bei ndogo. Kibaigwa si mahali hapo. Bwawa la Nyerere limetuongezea megawati 2,115, tunashukuru, ila bei kwenye mita yako haijashuka kwa sababu hiyo.

Kinu chenyewe pia kina kasoro yake. Nimeshaingia vinu vya alizeti. Vumbi la maganda limejaa hewani, na lina mafuta. Mashine hizi zinapozwa kwa feni zinazovuta hewa kwa nguvu kupita katikati ya bodi, na vumbi la mafuta likishaganda kwenye mapezi ya alumini halitoki kwa kupuliza. Msimu ukifika, motor ya kinu inapowashwa umeme unashuka ghafla, mashine zinazima na kuwaka, zinazima na kuwaka. Mtaweka ukuta, mtaweka vichujio, mtaweka mlinzi, na bado mko kwenye hasara ileile ya milioni 2.

Kuhusu stoo ya nyumbani nitasema zaidi, kwa sababu hapo hasara ya pesa ndiyo ndogo.

Umeme wote ule wa wati 3,250 mwisho wake ni joto. Ni sawa na kuacha pasi tatu zinawaka ndani ya stoo, mchana na usiku, mwaka mzima. Oktoba na Novemba Dodoma, mnapolala milango wazi kwa joto, mtakuwa na chumba ambacho hakuna anayeweza kukaa dakika kumi. Kelele ni kama desibeli 75, feni za mlio mwembamba usiokatika; nyumba za Nkuhungu zimebanana, na mwenyekiti wa mtaa atafika kabla bitikoini ya kwanza haijafika. Vumbi la upepo wa Agosti nalo unalijua, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa.

Jambo la hatari zaidi ni nyaya. Mashine hiyo inavuta ampea 14 mfululizo. Plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13. S19 Pro huja na nyaya mbili za kuingizia umeme, ili mzigo ugawanyike. Mtu asiyejua atachukua ekstensheni moja kutoka sokoni, achomeke zote mbili humo, aifunike na gunia ili isionekane. Pasi inawaka dakika ishirini na kuzimwa, soketi inapumua. Hii haizimwi. Soketi inapata moto polepole, plastiki inalainika, na stoo yako, nadhani, ina maboksi ya daftari. Anayetaka kuwasha mashine kama hii nyumbani anahitaji laini yake peke yake kutoka mein swichi, waya mnene, sakiti breka yake, na fundi mwenye leseni. Mume wako akikataa yote niliyosema kuhusu faida, hili moja asikatae.

Mjukuu wangu wa UDOM na sola yake. Jua ni la bure, paneli si za bure. Yuniti 78 kwa siku zinahitaji paneli za wati 550 zisizopungua 30, na betri za kubeba usiku mzima ambazo bei yake itameza kiinua mgongo chote kabla paneli hazijapanda juu ya bati. Ukiwasha mchana tu, mapato yanabaki theluthi. Na mwenye sola kubwa hivyo angefanya vizuri zaidi kuitumia kwenye kinu. Mwambie pia kwamba ule uchimbaji wa kutumia kadi za gemu aliousikia kwa kaka zake ulipoteza nguvu 15 Septemba 2022, sarafu nyingine iitwayo Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimba. Walioshika mashine maalumu za Ethereum siku hiyo walipoteza kazi yao kuu. S19 Pro nayo inajua hesabu ya aina moja tu. Bitikoini ikiishinda, haigeuki kuwa kompyuta ya kazi nyingine.

Kama mjukuu wangu ana hamu ya kujifunza kweli, kuna vidude vidogo vinaitwa Bitaxe, terahashi 1.2 kwa wati kama 17. Kinakaa mezani, umeme wake ni kama shilingi 145 kwa siku. Hakitawatajirisha, lakini atajifunza puli, joto, mtandao na kutengeneza bodi, na hakuna mtu atakayeuza kiwanja.

Hata mngekuwa na umeme wa bei poa, hesabu ile ya miezi saba ingekuwa imekosea jambo jingine: imechukulia kwamba mapato yatakaa palepale. Ugumu wa hesabu ya bitikoini hurekebishwa kila baada ya wiki mbili hivi. Watu wakiwasha mashine mpya Texas au Addis, fungu lenu linapungua bila nyinyi kufanya kosa lolote. Na mwaka 2028 ile 3.125 itakatwa nusu tena. Siku hiyo dola 5 inakuwa 2 na nusu, labda bei iwe imepanda mara mbili.

Sheria nayo. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kama fedha halali nchini. Wakati huohuo, tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo TRA anakuona, lakini ukitapeliwa unapobadilisha bitikoini kuwa shilingi, usitegemee dirisha la malalamiko kama la benki yako.  

Najua bado kuna uwezekano mkwe wangu atataka kuiona kwa macho. Sawa. Basi asiione ikiwa kwenye boksi. Mwambie kijana ailete mahali penye laini salama na mita ya LUKU, aiwashe kwa muda wa saa mbili, vitu vingine kwenye mita hiyo vikiwa vimezimwa. Kabla ya kuwasha, andikeni yuniti zilizobaki. Baada ya saa mbili andikeni tena. Zikipungua sita na nusu, ni kawaida yake. Zikipungua zaidi, huenda mashine imeongezwa mwendo ili ionyeshe terahashi nyingi, na chipu zake zimechoka. Kwenye ukurasa wa mashine zitaonekana bodi tatu, kila moja na joto lake na nguvu yake. Bodi moja ikiwa kimya, theluthi ya mashine haipo. Usisome terahashi kwenye ukurasa wa mashine peke yake, soma ukurasa wa puli, kwa sababu puli inahesabu kazi iliyopokelewa. Na programu ya ndani irudishwe ya kiwandani mbele yenu, kwa kuwa zipo zilizochezewa ambazo humpelekea mtu mwingine sehemu ya kazi. Kijana akianza kusema mashine ziko bandarini, au zitakuja kwa treni wiki ijayo mkimaliza kulipa, mmeshapata jibu.

Kumbe nimesahau laki tano. Angalia kama kuna maandishi au meseji inayosema ni malipo ya nini na yanarudi kwa masharti gani. Usifute kitu kwenye simu. Mume wako amwandikie kijana, si kumpigia, kwamba ununuzi umesitishwa na anaomba fedha zake kufikia tarehe fulani. Muamala ukiwa ulipitia simu, ushahidi upo, mnaweza kwenda polisi au Mahakama ya Mwanzo. Akirudisha nusu akaomba muda, chukueni nusu mwandikishane. Asipotoa chochote, msimfuate kwa kuongeza nyingine ili "asikasirike", na vyumba vya Nala vianze wiki hii kabla pesa haijapata mshauri mwingine.